Tupeane uzoefu: vile vipira vya puani kwenye miwani vimewahi kukufanyia nini?

Jicho la Nne
Wakuu, habari za saa hizi. Navaa miwani tangu darasa la sita, sasa nina miaka thelathini na kitu, na leo ndiyo mara ya kwanza nimekaa nikaviangalia vizuri hivi vipira viwili vinavyokaa puani. Kimoja kimeng'oka asubuhi napiga mswaki. Kikagonga sinki mara moja, tik, kikaenda zake na maji. Nimeshinda siku nzima na waya mtupu unanichoma ubavu wa pua, miwani imepanda upande mmoja na kulala upande mwingine, watu wananiuliza nimepigana na nani.

Kilichobaki nimekimulika na taa. Kimekuwa njano kama kidole cha mvuta sigara, na kwa nyuma kina utandu wa kijani. Kumbe miaka yote mitatu ya miwani hii nimekuwa najipaka kitu hicho usoni!

Nani kabadilisha mwenyewe? Nani kaharibu? Na huu ukijani ni nini jamani?

Bisibisi Ndogo
Pole mkuu. Nilikaa meza ya fundi wa miwani miaka kadhaa, siku hizi nafanya mambo mengine ila mkono haujasahau.

Ukijani ni kutu ya shaba. Viwaya vinavyoshika vipira, kwenye fremu nyingi za chuma, ni mchanganyiko wenye shaba ndani, juu vimepakwa tu. Mpako ukichubuka, jasho linaifikia shaba, basi. Siyo uchafu wako peke yako, usijione vibaya. Umanjano wenyewe ni mafuta ya ngozi yamenywewa na silikoni, na jua likaongezea. Huo hautoki hata usugue mpaka kesho. Kipira kikishakuwa njano na kigumu, badilisha. Na badilisha vyote viwili hata kama kimoja bado kinajikaza, maana kipya na kikuukuu havikai puani sawa.

Kabla hujanunua chochote kigeuze kilichobaki uangalie mgongo wake. Ukiona kiskrubu kimepita ubavuni, hicho ni cha skrubu. Usipoona, ni cha kubonyeza: kina kijiti kinachoingia kwenye kikopo kidogo cha chuma na kulia "tak". Cha huku hakiingii kule, watu wengi wanapotezea hela hapo. Kisha kipime kwa rula kutoka juu hadi chini. Milimita 13 na 15 ndivyo utakavyokutana navyo sana. Piga picha kabla ya kufungua, kwa sababu vingine vina kushoto na kulia, na ncha pana ndiyo inayokaa chini.

Siku yangu ya kwanza mezani niliangusha skrubu ya kipira. Ina unene wa milimita moja na ushee, ukiishika huisikii hata kidoleni. Nilipiga magoti nusu saa nzima napapasa sakafu. Mkubwa wangu hakusema neno, alinirushia taulo jeupe. Tangu siku ile sijafungua miwani bila kutandaza taulo jeupe chini.

Gundi Sitaki Tena
Mimi ni yule aliyeharibu. Nisomeni mpate faida.

Kipira changu kilikuwa cha kubonyeza, kijiti kikakatikia ndani ya kikopo. Nikasema hii kazi ya gundi, ile ya papo kwa papo. Nikaweka tone moja tu, nikakandamiza, kikashika vizuri sana. Nikaifungia miwani kwenye kasha lake ikauke. Asubuhi nafungua kasha, lenzi zina ukungu mweupe kama mtu kapumulia kioo halafu pumzi ikaganda. Kumbe gundi ile ikikauka hutoa mvuke, na mvuke ukikosa pa kwenda unatua kwenye kilicho karibu. Na mimi nilikuwa nimeufungia ndani.

Hapo bado ningepona. Sasa akili ikaniambia: dawa ya kutolea rangi ya kucha inatoa gundi. Kweli inatoa. Nikaipaka kwa pamba karibu na kipira, ikachuruzika kwenye lenzi. Lenzi zangu ni za polikaboneti, aina ya plastiki. Nilitazama kwa macho yangu nyufa ndogondogo zikitambaa kama utando wa buibui, sekunde chache tu, bila sauti. Kipira cha bei ya chini kabisa kwenye miwani nzima kikanimalizia lenzi.

Kijiti kikikatikia ndani, kichokonoe na sindano. Basi.

Mama wa Mapacha
Gundi Sitaki Tena, pole, ila nimecheka na "asubuhi nafungua kasha".

Wangu wana miaka mitano, wote wawili wanavaa. Kwa watoto tatizo ni pua yenyewe, bado haijasimama, miwani haina pa kukaa. Wa kwanza alikuwa anaangalia kwa juu ya fremu siku nzima, sisi tukidhani ni utundu. Mwalimu wake ndiye aliyeona. Lenzi zilikuwa mashavuni, macho yako juu hewani, miwani anavaa ila haimfanyii kazi.

Kilichotusaidia ni kile kipira kimoja kirefu kilichounganika, kinapita juu ya pua kama tandiko la punda, kinaingia kwenye viwaya vilevile viwili. Uzito unatandazwa juu ya pua badala ya kubana pembeni. Zile alama mbili nyekundu zikaisha. Siyo fremu zote zinakipokea, muulizeni fundi.

Ila wa pili hicho hicho kimemkataa, anasema kinamtekenya.

Pua Iliyolala
Na sisi wa fremu za plastiki, ambazo hazina vipira wala viwaya, mbona hatusemwi? Pua yangu imelala, mashavu yamejaa, nikicheka miwani inapanda, nikinyamaza inashuka. Kwenye fremu za plastiki daraja, ile sehemu inayokaa juu ya pua, limechongwa moja kwa moja, likikuzidi upana hakuna cha kukunja.

Niliwekewa vipande vya silikoni vya kubandika, vyenye unene wa milimita mbili hivi. Siri ni kuosha fremu kwanza kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, ikauke kabisa, ubandike, halafu usivae mpaka kesho yake. Mara ya kwanza nilibandika nikavaa hapo hapo, mchana kipande kimoja nikakikuta kwenye kola ya shati.

Jambo moja nililolijua nikiwa nimechelewa: ile namba iliyoandikwa ndani ya mkono wa miwani, mfano 52, kimraba, 18, halafu 140. Hiyo 18 ni upana wa daraja kwa milimita. Miaka yote nilikuwa nachagua fremu kwa rangi.

Shikilia Hapo
Wakuu, miwani kuteremka siyo lazima kosa la kipira. Mimi nilibadilisha vipira mara tatu, vya silikoni, vya silikoni laini zaidi, mpaka vyenye vijimashimo vya hewa. Bado inashuka. Fundi akaichukua, hata pua hakuigusa, akapasha ncha za mikono akazikunja nyuma kidogo zishike sikio. Mpaka leo haijashuka. Nilijisikia mjinga kwa heshima.

Bisibisi Ndogo
@Shikilia Hapo umesema la maana sana, wengi walikuja mezani wakilalamikia pua kumbe kosa liko sikioni.

Niongeze kuhusu kukunja viwaya, maana hapo ndipo fremu hufia. Kanuni yake inawachanganya watu: ukivisogeza vipira vikaribiane, miwani inapanda. Ukivitanua, inashuka. Ukivisukuma vyote kulia, fremu nzima inaenda kushoto. Shika kiwaya karibu na kipira kwa koleo nyembamba, na mkono mwingine ubane pale kiwaya kilipochomelewa kwenye fremu, ili pale pasitikisike. Ukikunja bila kushikilia pale, nguvu yote inaishia kwenye kichomeleo, na kikikatika hakirudi kwa mikono ya nyumbani. Kunja kidogo, vaa, tazama kioo, kunja tena. Nusu milimita unaiona usoni.

Kipira kilichokaa vizuri kinagusa ngozi kwa uso wake wote. Kikigusa kwa ukingo tu, kinakata. Ukivua miwani ukakuta alama nyembamba kama umekwaruzwa na ukucha, shida ni pembe, kipira kimekaa vibaya. Hata ununue laini kuliko pamba, kitakata tu.

Mzee wa Lenzi za Hatua
Nawasalimu vijana. Bisibisi, mwanangu, hiyo nusu milimita yako ilinifanya niogope ngazi.

Mimi navaa zile lenzi ambazo juu ni za mbali, chini za kusomea, hakuna mstari katikati. Nikaona miwani inateremka, nikavikaza vipira mwenyewe vikakaribiana. Ikapanda, nikafurahi. Siku mbili nikawa natembea kidevu kimegusa kifua kama mtu mwenye madeni. Nikimtazama mtu mlangoni nisimwone vizuri, kwa sababu sehemu ya kusomea ilikuwa imepanda mpaka usawa wa macho. Kwenye ngazi ndiyo usiseme, kila daraja lilikuwa linaogelea. Nikajua sukari imepanda, kumbe ni miwani ndiyo iliyopanda.

Wenye lenzi za aina hii msikunje wenyewe. Lenzi hukatwa kwa urefu uliopimwa miwani ikiwa imekaa pale ilipokaa.

Bisibisi Ndogo
Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa, na wenye namba kubwa pia wasikilize. Namba ni nguvu ya lenzi, na ile ya kutoa ni ya wasioona mbali. Lenzi ya -8 ikienda mbele ya jicho kwa milimita 5, nguvu yake kwa jicho inapungua kama 0.3 hivi. Ndiyo maana mtu wa namba kubwa akiisukuma miwani juu kwa kidole anaona dunia imeng'aa ghafla, halafu anaenda kupima macho upya akidhani namba imeongezeka. Alichohitaji ni vipira.

Ngozi Yangu Hainiombi Ruhusa
Mimi ilikuwa aleji. Pembeni ya pua pakawa pekundu, pakachubuka, nikapaka kila mafuta. Nikavua miwani likizo ya wiki mbili nikitumia lenzi za kuweka jichoni, pakapona. Nikarudisha, siku ya tatu pameanza tena. Daktari wa ngozi alinibandika vibandiko vya majaribio mgongoni, ikatoka nikeli, aina ya metali.

Silikoni yenyewe haikuwa na kosa, ila ilikuwa imechakaa na kuchanika, kikopo cha chuma cha nyuma kikawa kinagusa ngozi. Nikahamia fremu ya titani na vipira vipya. Vipo pia vipira vyenyewe vya titani. Nilivijaribu, ni vigumu na vinateleza kwenye jasho, mimi sikuvipenda.

Kazi Iendelee
Mimi sina hadithi ndefu. Kipira kilitoka safarini, nikafunga waya kwa kipande cha plasta ya kidonda. Nimekaa nacho miezi minne. Msinihukumu.

Mpenda Picha za Kale
@Kazi Iendelee usijali, kuna mchoro wa ukutani kule Treviso, Italia, wa mwaka 1352, aliuchora Tommaso da Modena: kadinali anaandika, miwani imekaa puani tu, haina mikono ya kushika masikio. Nikiutazama nawaza pua yake ilivyovumilia. Angekupongeza kwa hiyo plasta.

Skrubu Legelege
Swali na jibu langu mwenyewe: skrubu ya kipira inalegea kila baada ya wiki mbili, nifanyeje? Nilikuwa nakaza kwa nguvu mpaka nikaula ule mfereji wake wa kichwani, bisibisi ikawa inazunguka bure. Sasa nakaza mpaka ikatae tu, halafu natia tone la rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya kichwa chake kwa ncha ya kijiti cha meno. Ina mwaka haijasogea. Na siku ukitaka kuifungua inabanduka bila vita.

Jicho la Nne
Nimerudi wakuu. Vyangu ni vya skrubu, milimita 13, nimepata pea mpya pamoja na bisibisi ya saizi yake. Taulo jeupe limetandazwa. Nimepiga picha. Ukijani nimeusugua kwa mswaki wa zamani na sabuni, umetoka karibu wote, kiwaya kimoja kimebaki na doa.

Ila hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia kwamba ili kutengeneza miwani lazima uivue! Mimi ni -5. Nikiivua, skrubu siioni, bisibisi siioni, taulo naliona kama wingu. Nimehangaika dakika ishirini naweka uso karibu na meza mpaka pua inagusa.

Mwishowe nimeegemeza simu kwenye vitabu, nikafungua kamera, nikakuza picha, nafanya kazi kwa kutazama kioo cha simu. Mikono inaenda upande usio wake lakini inaenda. Kipira cha kushoto kimeingia na kimekaa. Cha kulia skrubu yake ipo pembeni mwa taulo, naiona kwenye simu, kinukta cheusi. Msinipigie sasa hivi.