Mrejesho: geji za Land Rover Series III zimetulia

Wakuu, niliuliza kwa nini geji ya mafuta na ya joto zilipanda zote mbili baada ya kupaka dashibodi rangi. Aliyesema "zikikosea pamoja, usiguse geji" alipatia. Kile kiboksi cha nyuma ya dashibodi kinachoshusha umeme wa geji zote mbili hadi wastani wa volti 10 hupata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kupitia bodi, nami nilikuwa nimefunika chuma kwa rangi, kikashindwa kuushusha! Nimekwangua, sindano zikashuka. Na nilishaanza kutafuta geji nyingine, jamani.

Spidomita ya kampuni ya Smiths niliyopata kwenye skrepa bado sijaifunga. Usoni ina 1000, yaani mizunguko ya kebo inayoiendesha kwa kila maili. Nimehesabu, kebo yangu inazunguka zaidi, kwa hiyo ingesoma mwendo mkubwa kuliko halisi.