Mrejesho: bustani ya manispaa yenye bajeti finyu

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza namna ya kuitunza bustani ya umma ya manispaa yetu baada ya fungu la maji na vibarua kupunguzwa. Tulifuata ushauri wa kupanda ukoka, kutandaza majani makavu mashinani mwa miti na kumwagilia jioni, na ukoka umevumilia kiangazi vizuri mno, hata umefunika kingo za njia zilizokuwa vumbi tupu. Wauza kahawa na madafu, tuliowaruhusu kuuza ndani kwa sharti la kufagia maeneo yao, wanalitimiza. Bembea ndizo zilizotushinda: fundi alichomelea minyororo, lakini vyuma vya juu vimeliwa na kutu, kwa hiyo tumezishusha watoto wasije wakaumia, hadi fedha za mwaka mpya wa bajeti, unaoanza Julai, zitakapotoka.