Tupeane uzoefu: kilo unazotuma na kilo unazobeba

Wamama na wapapa wa Goma, nianze mimi maana ndiye ninayeshika daftari la kikundi chetu cha kupunguza uzito. Miezi minne sasa kila Jumatatu mnanitumia kilo zenu kwa simu. Jumamosi tukakutana Himbi, mizani moja, watu 11. Tisa walikuwa wazito kuliko walivyoandika! Wengi kwa kilo moja au mbili, mmoja kwa sita (tulicheka naye hadi machozi). Niliporudi kwenye daftari nikaona 80, 75, 90, tena 80. Tangu lini miili yetu yote inaishia na sifuri au tano? Haya, wewe ya kwako uliiandikaje?

Mama wa Majengo
Nilianza na 83,7 nikaandika 83. Juma lililofuata 83,4, nikaandika 83. Ikapanda 84,1, nikajiambia hiyo ya juu ni ya kikwembe nilichovaa, nikaandika 83. Lakini yaya mwenye daftari, na wewe uone: nyumbani najipima alfajiri, nimetoka choo, sijanywa hata chai. Himbi nilikuja na viatu, nimeshiba bugali na sombe, nimemaliza chupa ya maji ya lita moja. Hiyo peke yake ni kilo moja.

Motari wa Ndosho
Kwetu ni nyumba ya mbao, sakafu inabonyea. Mizani ikanipa 71. Nikaitoa nje juu ya mawe ya volkano, ikayumba: 76, halafu 73. Nikatuma 71. Nani angetuma 76? Kwenye simenti ya farmasi nikakuta 75. Siku hizi naijaribu kwanza: napanda mikono mitupu, kisha napanda na bidoni ya maji ya lita 5. Isipoongezeka kilo tano na kidogo ya plastiki, siiamini.

Papa wa Katindo
Mnasahau urefu. Kwenye fomu niliweka kilo 82 na mita 1,75. Ukweli ni 84 na 1,71. Gawanya uzito kwa urefu mara urefu, unapata BMI, kipimo cha uzito kulingana na urefu: nimetoka 28,7 hadi 26,8 bila kuacha sahani hata moja ya samaki wadogo, sambaza.

Mama wa Birere
Kule kwenye shindano la pesa la kupunguza kilo nilifanya kinyume. Siku ya kwanza nilikula, nikanywa maji mengi, ndipo nikapanda mizani, ili nianzie juu. Siku ya mwisho nilikuja na njaa. Sikushinda. Mshindi naye alijua hiyo dawa.

Dada wa Virunga
Mimi sikudanganya, nilinyamaza. Nilitoka 92 nikafika 88. Zikaja harusi mbili mfululizo, nikarudi 91, nikaacha kutuma. Yaya, daftari lako bado lina 88 yangu, na wastani mnaoutangaza kwa wageni unaihesabu.

Mwenye daftari
Umenikamata, dada. Nimehesabu sasa hivi: walionyamaza ni saba, na kila mmoja nimemwacha kwenye namba yake nzuri ya mwisho. Tangazo nimelishusha. Wewe nimekuandika 91, ukiruhusu.

Dada wa Virunga
Andika 91,6.

Motari wa Ndosho
Jumamosi ijayo mizani inakuwa wapi? Nije na bidoni?