Mada: Afrika Mashariki inunue ndege za pamoja za kuzimia moto wa misitu?

Mwanzisha mada: Wadau, Oktoba 2020 moto uliunguza takriban kilometa za mraba 95 za Kilimanjaro, na mamia ya watu waliupiga kwa matawi mabichi. Ulaya wana rescEU, akiba ya pamoja ya vifaa vya kukabili majanga, tangu 2019: ndege ni mali ya nchi wanachama, lakini Umoja wa Ulaya hulipia sehemu kubwa ya gharama za kuziweka tayari. Jumuiya yetu inashindwa nini?

Mchangiaji wa 1: Maji, mkuu. Canadair CL-415, ndege ya kuzimia moto, huchota lita 6,000 hivi kwa sekunde 12 ikiteleza juu ya maji, na inataka zaidi ya kilometa moja ya maji wazi. Ziwa Jipe lina kina kifupi na limejaa matete. Ziwa Chala limezungukwa na kuta za kreta. Rubani atashukaje, atapandaje akiwa na mzigo? Labda bwawa la Nyumba ya Mungu, na hapo hesabu muda wa kwenda na kurudi. Helikopta nayo, ukifika mita 3,500 hewa ni nyepesi, ndoo unaijaza nusu.

Tena ndege haizimi moto. Inapoza ndimi ili watu wa chini wasogee. Kule juu moto huzama kwenye mboji na mizizi. Juu unaona majivu tu, siku ya tatu upepo ukivuma unaibuka upya. Dawa ni jembe: chimba hadi udongo mtupu, pitisha nyuma ya kiganja, penye joto fukua tena.

Mchangiaji wa 2: Basi tuazimane watu, ila makaratasi yatangulie. Mwaka 2016 Afrika Kusini ilipeleka wazimamoto 301 Alberta, Kanada. Ndani ya siku chache wakagoma kwa sababu ya posho, wakarudishwa kwao. Ujuzi walikuwa nao. 2023 waliitwa tena Kanada. Mkataba useme mapema: nani analipa na kiasi gani, bima ya nani, amri ya nani, masafa gani ya redio. Na viungio vya mipira ya maji! Vya aina ya Storz huungana kwa kuzungusha, vya Kiingereza husukumwa dume ndani ya jike. Bila adapta, pampu ya jirani ni pambo.

Mwanzisha mada: Ya Canadair nimekubali. Helikopta mbili za kupandishia vikosi siziachii, maana mtu aliyepanda siku nzima na jembe begani anafika amechoka.

Mchangiaji wa 1: Hizo sawa. Zitalala Moshi au Nanyuki?