Mfuko wangu umetikiswa mbele za watu, na mimba yenyewe siyo yake

Mdomo_Ninao (mleta uzi)

Wakuu, leo sisalimii. Salamu zimeniishia ukumbini. Naandika haya nikiwa na viatu vya shughuli miguuni, gauni limenibana, kope bandia moja imeshabanduka na wala sijali.

Yule mtu mnamjua. Msinilazimishe kumtaja. Yule wa "mimi sipendi makuu". Yule ambaye ukimwalika kwako anafika na ratiba yake mkononi. Huyo huyo. Kajipa cheo cha kuandaa bebi shawa ya rafiki yetu. Mimba siyo yake, ukumbi siyo wake, na nina uhakika hata kalamu aliyokuwa anaandikia majina ya wageni ni yangu.

Kwanza katutumia orodha. Vitu 31! Nikasema sawa, orodha siyo mbaya, inazuia watu sita kuleta beseni. Tatizo kaituma saa tano usiku, mimi nimelala kama binadamu. Naamka asubuhi bibu zimekwenda, soksi zimekwenda, beseni limekwenda, kipimajoto kimekwenda, hata brashi ya kuoshea chupa kuna mtu keshaikumbatia. Kilichobaki ni kigari cha magurudumu matatu, kile cha mzazi kukimbia huku anakisukuma. Kamera ya kumwangalia mtoto akilala. Kiti cha kubembea kinachoendeshwa na simu. Na mashine ya kupashia moto vitambaa vya kumfutia matako. Wakuu, hiyo ya mwisho naomba mrudie kuisoma. Mimi mtu mzima, mlipa kodi, naoga maji yalivyotoka bombani. Halafu tako la siku tatu liwe na mashine yake?

Nikapiga hesabu. Nikapiga tena nikiwa nimekaa. Nikaona nikinunua kile kigari, mimi ndiye nitakayesukumwa nacho mpaka mwisho wa mwezi. Basi nikatumia akili nikanunua nepi. Pakiti nne, tena namba tatu, maana nilijua kila mtu ataleta za kichanga na baada ya miezi michache mama atabaki anaangalia ukuta. Nikatia kwenye mfuko mzuri wenye utepe. Nikajisifu njia nzima.

Ikafika zamu ya zawadi. Kashika kipaza sauti. Kigari kikapita, vigelegele. Kamera ikapita, vigelegele. Ukafika mfuko wangu. Katoa nepi kazipanga mezani, moja, mbili, tatu, nne. Kimya. Kaingiza mkono tena. Kapapasa. Halafu, wakuu, KAUGEUZA MFUKO CHINI JUU AKAUTIKISA. Mara tatu. Huku anauangalia ukumbi na lile tabasamu lake.

Hakusema neno. Angenitukana ningejibu, jina langu humu mnaliona. Lakini mfuko ukitikiswa unajibu nini?

Mama mtarajiwa kainama anakagua kucha zake. Na mimi nikapiga makofi! Mfuko wangu unatikiswa na mimi napiga makofi!

Nimemaliza. Sijamaliza, ila naenda kuvua viatu.

Jicho_la_Tatu

Wa kwanza hapa. Nimevuta kiti. Mwendelezo lini?

Kobe_Mzee

Mleta uzi kosa ni lako. Orodha ikitumwa usiku, usiku huo hulali. Waliowahi soksi muda huu wako wapi? Wamelala, hawana uzi.

Mama_Pacha

Namjua huyo mtu! Kwenye yangu alinitoa kwenye kiti changu mwenyewe eti naharibu picha. Nina mimba ya miezi minane, ya watoto wawili, nasimama pembeni ya kiti chenye maua kama mlinzi wa benki.

Msemakweli

Wote mnamjua mtu ambaye hajatajwa. Wa kwetu mimi ni mwanamume.

Mzee_wa_Mahesabu

Tuongee kwa namba. Kichanga anabadilishwa nepi mara 8 hadi 12 kwa siku. Tuseme 10. Siku 30 ni nepi 300. Pakiti nne zimebeba mzigo kuliko hicho kigari. Na namba tatu ni akili kweli, maana mtoto aliyezaliwa na kilo tatu na ushee, akifika miezi mitano hivi uzito umeshakuwa mara mbili, na zile za kichanga zilizobaki zinakuwa za kufutia vumbi kwenye televisheni. Huyo mtikisa mfuko atazitafuta hizo pakiti usiku wa manane.

Mdomo_Ninao

Asante mzee wangu. Ila hesabu haifuti mtikiso. Ulitikiswa, mzee. Mara tano.

Jicho_la_Tatu

Juu umeandika mara tatu.

Mdomo_Ninao

Tatu kwa mkono wa kulia. Kisha akahamishia kipaza sauti kulia akaendelea na wa kushoto.

Kobe_Mzee

Na hakikudondoka kitu?

Mdomo_Ninao

Tusitoke nje ya mada.

Kobe_Mzee

Nimeuliza kistaarabu. Mfuko utikiswe mara tano usitoe chochote?

Mdomo_Ninao

Risiti.

Jicho_la_Tatu

KAISOMA???

Mdomo_Ninao

Kwenye kipaza sauti. Jumla. Chenji niliyorudishiwa. Mpaka pale chini pameandikwa "asante kwa kununua kwetu, karibu tena". Ukumbi mzima ukaitikia "asante".

Mama_Pacha

Hahahaha jamani nimemwamsha mmoja. Sasa ataamsha na mwenzake.

Msemakweli

Mleta uzi, risiti uliiacha ya nini? Ulikuwa na mpango wa kuzirudisha nepi dukani?

Mdomo_Ninao

Risiti inaachwa ili mama akitaka saizi nyingine akabadilishe! Hiyo ni adabu ya kutoa zawadi! Hamkufundishwa?

Kobe_Mzee

Ilikuwa adabu mpaka iliposomwa. Ilipomalizika kusomwa ikawa taarifa ya fedha.

Baba_Mpya

Afadhali wewe uliyepeleka. Mimi ni mpokeaji. Njooni muone nyumba yangu. Mablanketi 14. Midoli sijui hesabu yake. Dubu mmoja ana kimo cha mke wangu. Mito ya kuzungushia kitanda cha mtoto seti mbili, moja ina twiga. Kila mtu kanunua kitu laini chenye masikio. Muuguzi kaja kutuona, kaangalia kile kitanda, kaondoa kimoja kimoja: mtoto alale chali, godoro gumu, shuka iliyokaza, basi. Hakuna mto, hakuna mdoli, hakuna blanketi linalomfunika uso. Ile mito ya pembeni nayo nje, akaniambia Marekani walishaipiga marufuku kuuzwa kwa sheria ya mwaka 2022. Sasa mtoto analala kwenye kitanda kitupu kama mfungwa, dubu analala na mke wangu, mimi nipo sebuleni na twiga.

Na nepi? Nilipewa pakiti MOJA. Ya kichanga. Iliisha siku ya nne.

Mama_Pacha

Sisi viatu. Jozi tisa. Kwanza mtoto hatembei mpaka anakaribia mwaka, hivyo viatu ni vya kutembelea wapi? Pili ni mapacha. Tisa, wakuu! Haigawanyiki!

Pitapita_Njia

Habari. Nauza kigari cha mtoto, kimetumika mara mbili, breki nzima. Njoo PM.

Msimamizi

Matangazo yana jukwaa lake mkuu.

Pitapita_Njia

Samahani mkuu. Ila kipo.

Bibi_Asiyezeeka

Wajukuu zangu mnajitesa. Nimelea saba. Beseni moja, kitanda kimoja, na woka moja, ile ya magurudumu mtoto anakaa ndani anajisukuma kwa miguu, iliyozunguka kwa wote saba. Hakuna aliyepewa kamera. Nilikuwa namwangalia mtoto kwa macho.

Msemakweli

Shikamoo bibi. Hiyo woka Kanada ni marufuku kuuza wala kuingiza nchini tangu 2004. Watoto walikuwa wanateremka nayo ngazi.

Bibi_Asiyezeeka

Marahaba. Nyumba yangu haikuwa na ngazi.

Mzee_wa_Mahesabu

Bibi, hata bila ngazi inampeleka mtoto haraka kwenye jiko na kwenye ndoo ya maji ya moto, na haimfundishi kutembea.

Bibi_Asiyezeeka

Wote saba wanatembea. Mmoja anatembea sana, hata nyumbani hakai.

Mdomo_Ninao

Jamani. Mfuko. Tulikuwa kwenye mfuko. ULIGEUZWA CHINI JUU. Ukatikiswa mara saba.

Jicho_la_Tatu

Unapanda bei kila ukirudi.

Msemakweli

Dawa ya haya yote wanayo Finland. Serikali inampa mama sanduku, tangu 1938. Mwanzo lilikuwa la wenye kipato kidogo, kuanzia 1949 likawa la kila mama, sharti uende kliniki mapema. Ndani kuna nguo, shuka, na godoro linalokaa humo humo, sanduku lenyewe linageuka kitanda. Asiyelitaka anachukua pesa. Hakuna orodha, hakuna kipaza sauti.

Kobe_Mzee

Na likitikiswa?

Sipendi_Makuu (amejiunga leo)

Ulitikiswa mara MBILI. Na risiti niliisoma kwa sababu ilianguka chini, ningeikanyaga? Na kalamu siyo yako.

Jicho_la_Tatu

KAJAAAAA

Mama_Pacha

Wallahi nimesimama. Watoto wamesimama. Hata hawajajua kusimama.

Mdomo_Ninao

WEWE. Umejisajili saa sita usiku kwa ajili yangu? Sasa nieleze mbele ya hawa watu ulikuwa unatafuta nini mfukoni!

Sipendi_Makuu

Kadi. Kila zawadi ilikuwa na kadi yenye jina, yako haikuwa nayo. Ningemtangaza nani?

Kobe_Mzee

Mleta uzi, kadi uliweka?

Mdomo_Ninao

Mtu anayetafuta kadi hatabasamu vile.

Kobe_Mzee

Hajajibu wakuu. Andikeni kwamba hajajibu.

Msemakweli

Dada Sipendi_Makuu, tusaidie na hili. Mashine ya kupashia moto vitambaa nani aliiweka kwenye orodha?

Sipendi_Makuu

Mimi ni mratibu tu.

Baba_Mpya

Samahani kuingilia, nina jambo la haraka kuliko mfuko. Shemeji yangu ananipa kiti cha gari cha mtoto, anasema kizima kabisa, "kiligongwa kidogo tu" kwenye ajali yao ya mwaka juzi. Nikubali? Bei za vipya zimenitoa jasho.

Mzee_wa_Mahesabu

USIKUBALI. Kiti kilichopata ajali kinaweza kuwa na ufa ndani ambao huuoni kwa macho. Hata ambacho hakijagongwa, kipindue usome tarehe ya mwisho ya matumizi, huwa imepigwa kwenye plastiki chini au mgongoni. Nguo chukua za mtumba, beseni chukua, hata kitanda chukua ukishakikagua kwamba mbao zake hazijalegea. Kiti cha gari usichojua historia yake, hapana.

Baba_Mpya

Nitamwambiaje shemeji? Kanuna tangu nilipotoa twiga wake kitandani.

Mama_Pacha

Mashemeji! Wangu alinipa pampu ya kukamulia maziwa aliyoitumia kwa watoto wawili. Bila boksi. Mrija una kitu cheupe ndani. Kasema "ioshe tu".

Bibi_Asiyezeeka

Pampu ya nini tena?

Jicho_la_Tatu

Bibi nenda ukalale nakuomba.

Mama_Pacha

Ngoja, niliwaambia kuhusu wifi aliyempa mtoto zawadi halafu akaja kuiazima siku ya tatu akapige nayo picha?

Baba_Mpya

Simulia yote. Huku kwangu halali mtu, labda dubu.

*(Majibu 46 yamefichwa)*

Sipendi_Makuu

Baba_Mpya, kwangu kuna ukanda wa kumbebea mtoto kifuani, mpya, tulipewa mitatu. Nikuletee?

Baba_Mpya

Mungu akubariki dada. Watu wanakusema vibaya bure.

Mdomo_Ninao

BURE???

Jicho_la_Tatu

Mleta uzi hujalala tu?

Mdomo_Ninao

Nalalaje? Mama mtarajiwa kanipigia sasa hivi. Analia, anacheka, sijui. Anasema chupa imepasuka, wako njiani kwenda hospitali, na katika vile vitu vyote hajui afungashe nini. Nimemwambia afungashe nepi.

Kobe_Mzee

Zile namba tatu? Mtoto atavaa mpaka kwapani.

Mdomo_Ninao

...

Mzee_wa_Mahesabu

Za kichanga aliletewa ngapi?

Sipendi_Makuu

Hakuna. Kwenye orodha sikuziweka, nilijua kila mtu ataleta mwenyewe. Naenda kununua. Mdomo_Ninao, nipitie na gari lako, langu halina mafuta.

Mdomo_Ninao

Toka nje. Kalamu yangu ushike mkononi.

Pitapita_Njia

Wakuu kigari bado kipo.

Msimamizi

Onyo la pili.

Jicho_la_Tatu

Ila mkuu, kwa nini mnakiuza kimetumika mara mbili?

Pitapita_Njia

Tulipewa kwenye bebi shawa. Ni cha kukimbilia, kumbe mtoto hakimbizwi nacho mpaka afikishe kama miezi sita. Kafikisha. Aliyegoma kukimbia ni baba.

Mama_Pacha

Magurudumu mangapi?

Pitapita_Njia

Matatu.

Mama_Pacha

Viti viwili?

Pitapita_Njia

Kimoja.

Mama_Pacha

Nitakupa viatu jozi moja na pampu.