Mwalimu wa Kifaransa kutoka Pemba: Uingereza, Kanada au Marekani?

Maalim_Chake

Asalaam alaykum wanajamvi. Nasomesha Kifaransa na Kiswahili skuli ya sekondari hapa Chake Chake, huu ni mwaka wa 6. Nina shahada ya sanaa na ualimu ya miaka 3, umri miaka 31, mke na mtoto mmoja. Kuna wakala Unguja anataka milioni 4 anitafutie skuli ya kunidhamini Uingereza, na anasema ualimu wangu unatambulika kule moja kwa moja. Ni kweli? Na kati ya Uingereza, Kanada na Marekani, wapi panamfaa mwalimu wa lugha? Kifaransa nina cheti cha DELF, kiwango cha B2.

GatiYaMalindi

Waalaykumu salaam maalim. Usitoe hata mia.

Skuli ya Uingereza haiwezi kuajiri mgeni mpaka iwe na leseni ya udhamini, na orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya serikali yao, unaipakua bure na kulitafuta jina. Hati ya udhamini yenyewe ni namba tu ambayo mwajiri anakupa baada ya kukusaili na kukukubali. Anayekuuzia namba hiyo kabla ya usaili anakuuzia hewa.

Hilo la "moja kwa moja" pia si kweli. Visa ni jambo moja, leseni ya kusomesha ni jambo jengine, na watu wengi wanayachanganya. Leseni ya England inaitwa QTS. Mwaka 2023 walizifungulia mlango nchi 9 zaidi: Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Zimbabwe, India, Jamaika, Singapore, Hong Kong na Ukraine. Tanzania haimo. Aliyesomea ualimu nje anaweza kusomesha skuli ya serikali hadi miaka 4 bila ya QTS, na skuli za binafsi hazilazimiki kuidai. Lakini hapo unalipwa kwa daraja la asiye na sifa, na nje ya London ngazi ya kwanza ya daraja hilo haifiki £25,000 kwa mwaka, ambacho ndicho kima cha chini cha visa kwa walimu. Kwa hiyo skuli lazima ikupandishe ngazi, na nyingi zitaona bora zimchukue Mnigeria mwenye QTS yake tayari.

Hesabu ya pesa nayo uijue mapema. Ada ya afya ni £1,035 kwa mtu mzima kila mwaka na £776 kwa mtoto, na inalipwa yote siku ya kuomba visa. Kwa mkataba wa miaka 3, wewe, mke na mtoto ni £8,538, hapo ada ya visa bado. Kuna skuli zinazosaidia kulipa, kwa hiyo liulize hilo kwenye usaili, usingoje mkataba.

Kipimo cha kifua kikuu ni lazima na kinafanywa Dar es Salaam, kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Cheti chake kinadumu miezi 6. Watu hukimbilia kupima mwanzo kwa sababu ndicho kitu rahisi, halafu kinawaishia muda wakingojea skuli. Kipimo kiwe cha mwisho.

Kiingereza: tangu 8 Januari 2026 visa hii inataka kiwango cha B2. Aliyesoma shahada kwa Kiingereza anaweza kusamehewa mtihani akithibitishwa na Ecctis, taasisi yao inayotambua vyeti vya nje. Wewe umesoma Kiswahili kwa Kiswahili na Kifaransa kwa Kifaransa, kwa hivyo chuo hakitaweza kukuandikia kirahisi kwamba shahada nzima ilikuwa kwa Kiingereza. Fanya mtihani wa IELTS, na iwe ile ya UKVI, yaani ya visa za Uingereza. Ya kawaida hawaipokei.

Mkarafuu

Nakubaliana na aliyetangulia, ila swali la wapi panamfaa hajaligusa. Mwalimu wa Kifaransa aitizame Kanada kwanza. Kule Kifaransa ni somo na pia ni njia ya kuingilia nchi.

Mfumo unaitwa Express Entry. Una raundi za mialiko ya kuomba ukaazi wa kudumu kwa wanaojua Kifaransa peke yao, na alama zake huwa chini sana kuliko raundi nyengine: Machi 2025 moja ilishuka hadi 379. Sharti ni kupata NCLC 7 (NCLC ni kipimo cha Kanada cha Kifaransa) kwenye stadi zote 4. DELF yako hapa haifanyi kazi. Wanapokea mitihani ya TEF Canada au TCF Canada tu. Kwenye TCF, NCLC 7 ni kusikiliza 458, kusoma 453, kuandika 10 na kusema 10 kati ya 20.

Walimu huangukia kwenye kuandika, na si kwa sarufi. Kuna kazi 3 ndani ya dakika 60: ujumbe wa maneno 60 hadi 120, makala ya 120 hadi 150, kisha kulinganisha maoni mawili kwa maneno 120 hadi 180. Mwalimu anaipamba ile ya kwanza kama mfano wa ubaoni, ya tatu inabakia nusu. Gawa dakika 10, 20 na 30, na saa iwe mezani.

Kabla ya raundi kuna mchujo wa alama 67 kati ya 100. Tukuhesabie:

Shahada 21. Umri (18 hadi 35) 12. Kifaransa cha NCLC 7 ni 16. Kiingereza cha CLB 5 (CLB ni kipimo chao cha Kiingereza) kwenye stadi zote ni 4. Uzoefu: miaka 6 kamili ni 15, lakini miaka 4 hadi 5 ni 13.

Ukiwa na miaka 6 kamili unapata 68, umepita. Ila umeandika "mwaka wa 6", maana yake mitano imetimia. Hapo una 66, umekwama kwa alama moja! Ama ungoje mwaka utimie, ama upandishe Kifaransa hadi NCLC 8, ama mkeo afanye mtihani wa lugha: akifika CLB 4 mnaongezewa 5. Hilo la mke ndilo rahisi kuliko yote na watu hawalijui.

Ukishaingia kwenye bwawa, yaani orodha ya wanaongoja kualikwa, kuna hesabu nyengine ya kushindanisha watu, na humo umri unakula. Mwenye mke akiwa na miaka 31 anapata 90, akitimiza 32 zinabaki 85, na kila mwaka zinapungua hivyo. NCLC 7 pamoja na CLB 5 ya Kiingereza inakuongezea 50. IELTS ya huku ni General Training, na CLB 5 ni 5.0 kote isipokuwa kusoma, 4.0 inatosha.

Akiba: kwa watu 3 ni dola za Kanada 23,360 kwa viwango vya Julai 2025. Ziwe benki, na taarifa ya miezi 6 iwaoneshe kuwa hazikuingia juzi. Shamba la mikarafuu halihesabiwi, wala nyumba, wala mkopo.

Leseni ya ualimu inatolewa na kila mkoa peke yake. Ukaazi wa kudumu haukupi darasa. Alberta wanataka shahada ya miaka 4 iliyo na mafunzo ya ualimu ndani yake, kwa hiyo miaka yako 3 itakusumbua. Andikia mamlaka ya mkoa mapema, na tafuta bodi za skuli za Kifaransa nje ya Quebec. Quebec haimo kwenye Express Entry, ina mfumo wake.

Bi_Wete

Marekani nitasema kidogo. Ile nafasi ya Fulbright ya wasaidizi wa kusomesha lugha, inayopeleka vijana kusomesha Kiswahili vyuoni kwa miezi 9, kwa kawaida ni ya umri wa 21 hadi 29. Umeshapita, mwanangu. Visa ya J ya walimu wa skuli ni miaka 3 na inaongezeka 2, lakini tamko la Rais wao la Desemba 2025 limeitia Tanzania kwenye nchi zenye vikwazo, na J imo. Usilipe ada yoyote ya njia hiyo kabla ya kusoma tovuti ya ubalozi wiki hiyo hiyo.

Karatasi za Kanada sasa. Tathmini ya shahada, kwa mfano ya WES (shirika linalopima vyeti vya nje), inadumu miaka 5. Matokeo ya lugha miaka 2. Kwa hiyo tathmini ndiyo ianze. Chuo ndicho kinachotuma rekodi za masomo moja kwa moja, pamoja na namba yako ya WES. Bahasha ukiipeleka mwenyewe hawaipokei.

Barua ya kazi ndiyo inayoangusha watumishi wa serikali. Barua zetu huandikwa "mtajwa hapo juu ni mtumishi wetu" basi. Kanada wanataka cheo, tarehe ya kuanza, saa kwa wiki, mshahara, na kazi zenyewe: kuandaa masomo, kusomesha, kutunga na kusahihisha mitihani. Iandike mwenyewe rasimu, umpelekee mwalimu mkuu, kisha ipite wizarani kwa muhuri. Ukishaalikwa una siku 60 tu, na cheti cha polisi nacho kinataka alama za vidole.

Maalim_Chake

Mungu awalipe. Wakala nimemuacha. Swali moja: pasi yangu ina jina la babu mwisho, ya mtoto ina jina la baba yangu mwisho, ya mke ndiyo mbali kabisa. Haitaleta shida?

Bi_Wete

Italeta ukiacha wajiulize. Kwao jina la mwisho ni la ukoo. Wakiona Ali Juma Khamis ana mtoto Salim Ali Juma, wanadhani mtoto si wake. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiwe na majina matatu ya baba sawasawa na pasi, herufi kwa herufi. Khamis na Hamis kwao ni watu wawili. Cheti cha ndoa kiwe kimesajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, kwani karatasi ya aliyefungisha peke yake haitoshi. Ambatisha na barua ya nusu ukurasa: jina la kwanza ni la mtu, la pili la baba, la tatu la babu, mke habadili jina. Kama cheti cha Form IV kina tahajia tofauti, weka na hati ya kiapo, na hiyo ifanye kabla hujatuma chochote kwa WES, kwa sababu jina watakaloliandika kwenye tathmini ndilo litakalofuatwa mpaka mwisho.