Re: Sinema ya sebuleni kwa mama, Tanga. Tununue huku au kule?

Wagosi na wandele, salaam alaikum.

Nataka kumfungia mama seti ya sinema sebuleni kwake, Chumbageni, iwe tayari kabla ya Ramadhani. Hapa Leicester nimeona seti ya spika tano na sabufa, bei imeshuka. Mdogo wangu aliye Marekani anasema kwao ni rahisi zaidi, anunue yeye na TV ya inchi 65 juu yake. Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijalipa.

Kijana wa Chumbageni, Leicester

---

Waalaikum salaam mdogo wangu,

Usilipe kwanza. Piga simu nyumbani, mtu akupimie sebule kwa futi kamba, akupigie picha ya dari, sakafu na soketi ya umeme. Mimi nilianzia dukani na nikaumia. Mwaka 2019 nilipakia kwenye kontena risiva, yaani mashine inayoendesha spika, na spika zake tano kwa ajili ya baba, Ngamiani. Nyumba ni kama nyingi za zile barabara za namba: sakafu ya saruji, kuta tupu, bati juu bila dari. Tulipowasha, mlio ulijaa mpaka uani, lakini baba hakuambulia neno. Sauti ya mtangazaji iligonga ukuta, ikagonga sakafu, ikamfikia imechanganyika. Akiongeza sauti, na mwangwi unaongezeka. Wiki ya pili akarudia redio yake, na mimi nililia kwa hilo, kwa sababu nilitaka asikilize mpira wa Coastal Union akiwa amekaa vizuri.

Kilichotusaidia hakikuwa spika nyingine. Tuliweka zulia nene kati ya TV na makochi, tukatundika mapazia mazito yanayofika chini, na makochi ya kitambaa yakachukua nafasi ya viti vya mbao. Mwangwi ulipungua siku ile ile. Kwa hiyo katika bajeti yako zulia na pazia viwe mwanzo. Kama nyumba ya mama haina dari, jua kwamba mvua ya masika ikipiga bati hakuna spika itakayoishinda. Hela ya spika za nyuma ingefaa zaidi kwenye dari.

Sasa hizo spika tano. Kwenye sinema iliyotengenezwa kwa mfumo huo, maneno ya watu karibu yote hutoka kwenye spika ya katikati, ile inayokaa chini ya TV. Za pembeni nyuma hubeba mvua, magari, kelele za umati. Lakini mama anaangalia nini? Habari, tamthilia, mawaidha, na taarabu. Kwa king'amuzi vipindi hivyo kwa kawaida huja kwa njia mbili tu za sauti, kushoto na kulia. Zile taarabu za vikundi vya Black Star na Lucky Star wanazozipenda mama zetu zilirekodiwa zamani, hazina cha kupeleka nyuma ya kochi. Utakuwa umevuta waya chumba kizima, panya wakautafuna, kwa ajili ya spika zisizosema kitu.

Ushauri wangu: nunua saundibaa, yaani ile spika moja ndefu, lakini iwe ya njia tatu na sabufa yake. Kwenye boksi huandikwa 3.1. Hiyo tatu maana yake kushoto, kulia na katikati, na hiyo ya katikati ndiyo masikio ya mama. Iliyoandikwa 2.1 haina spika ya katikati. Iunganishe na TV kwa waya mmoja wa HDMI, kwenye tundu lililoandikwa ARC au eARC, linalotoa sauti ya TV kwenda kwenye saundibaa, pande zote mbili. Ukikosea tundu, picha itakuwepo na saundibaa itabaki kimya, nawe utapigiwa simu usiku. Ukipatia, rimoti ya TV inaweza kuongoza sauti pia, na mtu mzima habaki na rimoti tatu mapajani.

Habari ya Marekani, mwambie mdogo wako asinunue. Umeme wa kule ni volti 120, wa kwetu 230. TV nyingi za sasa hupokea 100 hadi 240, imeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, lakini amplifaya na sabufa za soko lao nyingi ni za 120 peke yake. Ukichomeka Tanga bila transfoma zinaungua. Tena TV ya kule hupokea matangazo ya antena kwa mfumo wa ATSC, wakati Tanzania tunatumia DVB-T2. Ya Uingereza ina volti zetu na plagi ile ile ya pini tatu bapa.

Hata hivyo TV ningenunua kule kule Tanga au Dar. Ya huku lazima isafiri wima, ikilazwa chini ya mizigo kioo kinapasuka. Forodha hawatazami bei ya duka la Leicester peke yake: ushuru unahesabiwa juu ya bei, bima na usafiri, kisha VAT ya asilimia 18 inawekwa juu ya jumla hiyo na ushuru wake. Na TV ikileta shida, dhamana ya huku haitamfikia mama Chumbageni. Inchi 65 ina upana kama wa mita 1.4, na chaneli za kawaida zikivutwa kwenye kioo kikubwa hivyo zinaonekana zimechakaa. Kama kochi liko mita 2 hadi 2.5 kutoka ukutani, 55 inatosha.

Pesa utakayobakiza ipeleke kwenye umeme. Nakuomba sana hapa usibane. Risiva ya baba iliungua mwezi wa nane, siku umeme ulipokatika ukarudi kwa kishindo. Nilikuwa nimeweka kilinzi kizuri, kile cha kuzuia umeme unaoruka, lakini soketi haikuwa na waya wa earth, ule unaoshuka ardhini, na kilinzi cha namna ile bila earth kinafanya nusu ya kazi. Ile pini ya tatu ukutani isikudanganye, nyumba za zamani nyingi nyuma yake hakuna kitu. Fundi apime kwanza. Halafu weka TV guard, ile inayosubiri kidogo umeme utulie kabla ya kuuruhusu. Radi zikianza, wachomoe plagi pamoja na waya wa dishi, maana radi hupita kwenye waya wa dishi pia.

Na kuna chumvi ya bahari, hula waya. Waya wa alumini uliopakwa shaba huota ukungu mweupe kwenye maungio. Waya wowote utakaohitaji, nunua wa shaba halisi.

Mama akiuliza habari za LUKU: TV ya wati 100 ikiwaka kwa muda wa saa tano inakula nusu yuniti.

Dada yenu wa Ngamiani, Coventry

---

Dada, shikamoo.

Wamepima. Sebule ni mita 3.6 kwa 4.2, dari ipo, chini vigae. Fundi kakuta soketi haina earth, Jumamosi anachimbia. Marekani nimeshamkataza. Limebaki la sabufa: nyumba ya pili wana mtoto mchanga, na ukuta ni mmoja.

---

Marahaba mdogo wangu.

Sabufa isikae pembeni kwenye kona, kona huvimbisha mlio wake, wala isiegemee ukuta wa jirani. Iwekwe upande wa TV, ukuta wa nje, chini yake kipande cha zulia au mpira mnene. Mpwa wako aiwashe, aende kukaa alipozoea kukaa mama, asikilize. Kama inavuma, aisogeze shubiri mbili na arudi tena kukaa pale pale. Kisha apunguze sabufa kwa rimoti mpaka maneno yatangulie.

Kwenye menyu kuna hali ya usiku. Inapunguza milipuko na kuinua sauti ndogo. Aiache imewashwa moja kwa moja, mama hatahitaji kuigusa, na mtoto wa jirani atalala.